Kuchukua Bila Ruhusa na Kurudisha: Je, Ni Wizi?

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo limegawanya nyumba nyingi katika Masisi na Walikale, na mara nyingine limemwaga damu. Mtu anakamata pikipiki ya mwenziwe bila ruhusa. Anakwenda nayo safari yake, halafu anairudisha. Mwenye mali anapiga kelele: "Mwizi!" Yule anajibu: "Tangu lini mwizi anarudisha? Kama ningekuwa mwizi, ningekwenda kuiuza Goma." Hapo watu wanagawanyika, wengine huku, wengine kule. Nasi tunauliza: ni nani mwenye haki? Na kama kosa lipo, adhabu yake ipimwe kwa mizani gani?

Mtu wa mbali anaweza kufikiri kwamba hili ni jambo dogo. Sisi tunaokaa huku tunajua kwamba si dogo. Kutoka Sake kupanda Mushaki hadi Masisi, na kutoka Nyabiondo kushuka kwenye msitu wa Walikale, kuna mahali pengi ambapo gari halipiti wakati wa mvua. Pikipiki ndiyo inayopita. Inabeba maharagi na jibini za Masisi, inabeba mafuta ya mawese ya Walikale, inabeba mchanga wa kasiterite na koltani. Inabeba mwalimu, muuguzi na mgonjwa. Tumeona pia pikipiki iliyobeba jeneza. Pale ambapo hata pikipiki ni mali ya matajiri, chukudu yetu ya mti inafanya kazi hiyo hiyo, na mwenye chukudu anaitunza kama mkulima anavyotunza ng'ombe wake.

Chombo hicho hakikutoka mbinguni. Mmoja aliuza shamba, mwingine aliuza ng'ombe, mwingine alikaa miaka kwenye shimo la madini akiweka franka juu ya franka. Mara nyingi mwenye pikipiki si yeye anayeiendesha. Anamkabidhi kijana, na kijana anamletea pesa ya siku jioni. Katika pesa hiyo mnatoka chakula, dawa na malipo ya masomo ya watoto. Kwa hiyo anayechukua pikipiki kwa siku 2 amegusa sahani ya watu ambao pengine hajawahi kuwaona.

Sasa tuangalie sheria ya nchi inasema nini, maana wengi wetu tunahukumu bila kuijua. Kitabu cha sheria za makosa ya jinai cha Kongo kinatoka katika dekreti ya 30 Januari 1940. Kifungu cha 79 kinaeleza wizi kwa maneno machache sana: ni kuondoa kwa hila kitu kisicho chako. Kifungu cha 80 kinataja adhabu ya wizi usio na nguvu wala vitisho: kifungo kisichozidi miaka 5 na faini, au kimoja kati ya hivyo viwili. Tuelewe vizuri neno "kisichozidi". Miaka 5 ndiyo dari ya nyumba. Hakimu anaweza kushuka chini yake sana, na anaweza kutoza faini peke yake.

Kuna pia kifungu cha 95, ambacho kinamhusu yule aliyekabidhiwa kitu ili akirudishe au akitumie kwa kazi maalumu, naye akakipoteza au akakigeuza kwa hila. Huyo hakuvunja mlango, alipewa ufunguo. Kosa lake ni kuvunja uaminifu, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au kimoja kati ya hivyo viwili. Kijana aliyepewa pikipiki ya kubeba abiria, kisha akaiuza au akaitoa rehani na kumdanganya mwenye mali, anaweza kujikuta mbele ya kifungu hicho.

Lakini yule aliyechukua kwa siku 2 na kurudisha yuko wapi? Hapo wanasheria wanabishana, kwa sababu wizi unatazama nia: je, alikusudia kuwa kama mwenye mali, au alitaka kutumia tu? Wabelgiji, ambao ndio walioandika kitabu chetu cha 1940, waliona shida hiyo kwao. Mwaka 1964 waliongeza neno katika sheria yao kwamba kuchukua kwa hila kitu cha mtu ili kukitumia kwa muda kunahesabiwa kama wizi. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kupata uhuru wetu mwaka 1960, na nyongeza hiyo haikutufikia kwa njia ile.

Waingereza walishika njia nyingine. Magari yalipokuwa mengi kwao, vijana walikuwa wakichukua gari la mtu, wanazunguka nalo usiku, wanaliacha kando ya njia. Mahakama ilishindwa kuthibitisha kwamba walitaka kubaki nalo. Basi sheria ya barabara ya 1930 iliweka kosa la pekee: kuchukua gari bila ruhusa ya mwenyewe. Leo adhabu ya kosa hilo kwao haizidi miezi 6. Lakini tangu 1992, kama gari hilo lilileta hasara, ajali au kifo, adhabu inapanda sana. Majirani zetu wa Kenya nao wanatenganisha mambo haya. Kwao, kuiba gari kunaweza kuleta kifungo cha miaka 7. Kutumia chombo cha mtu bila haki, pasipo kufikia wizi, ni kosa jepesi zaidi, na kifungo chake hakizidi miezi 6. Tena sheria hiyo ya Kenya inataja pamoja mnyama wa kubeba au kupanda, gari, baiskeli na chombo cha majini. Walioiandika walijua kwamba punda wa maskini ni gari lake.

Kwa nini tumeyaeleza haya yote? Ili tuone kwamba watu wa nchi nyingi walifika kwenye swali letu hili, na wengi wao walikataa majibu mawili mepesi. Walikataa kusema "amerudisha, hakuna neno." Walikataa pia kusema "mwizi ni mwizi, wote ni sawa." Sisi nasi tunayakataa yote mawili, na tutasema sababu.

Tuanze na yule anayesema: nimerudisha, basi hakuna kilichopotea. Ndugu, umerudisha chuma, lakini siku hujairudisha. Siku ile mwenye mali alitembea kwa miguu, au mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa sababu pesa ya masomo haikuonekana. Mpira wa gurudumu umelika, mafuta yamekwisha, mnyororo umelegea. Kama ungeanguka nayo kwenye mteremko, au kama ungekutana na watu wa silaha njiani, hasara ingekuwa ya nani? Ulicheza kamari kwa mali ya mwingine bila kumwambia kwamba anacheza.

Tena umechukua kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho, nacho ni neno lake. Mwenye mali ana haki ya kusema ndiyo, na ana haki ya kusema hapana. Ulipoondoka bila kuuliza, ulimjibia wewe mwenyewe. Ulikaa kwenye kiti chake. Ndiyo maana hata mtu mkarimu, ambaye angekupa pikipiki hiyo kama ungeomba, anaumia moyoni akikuta haipo. Haumii kwa ajili ya mafuta. Anaumia kwa sababu ulimfanya kama mtu asiyekuwapo.

Sheria ya Musa katika Kutoka sura ya 22 iligusa jambo hili. Mtu akiazima mnyama, naye mnyama akaumia au akafa, swali linaloulizwa ni hili: mwenyewe alikuwa pamoja naye? Kama alikuwapo, mwazimaji halipi. Kama hakuwapo, analipa. Na hapo tunazungumza juu ya mtu aliyeomba! Ikiwa aliyeomba analazimika kulipa hasara iliyotokea mwenyewe akiwa hayupo, je, yule ambaye hakuomba kabisa atasemaje?

Sasa tugeuke kwa yule anayepiga kelele "mwizi ni mwizi". Neno hili tunaliogopa zaidi, kwa sababu linatembea pamoja na mpira wa gari na petroli. Katika miji na senta zetu tumesikia habari za vijana waliochomwa moto kwa kelele moja tu. Hakuna aliyeuliza: pikipiki ni ya nani? Uliichukua kwa nani? Ulikuwa unaipeleka wapi? Moto hausikilizi shahidi. Sheria inayosema miaka 5 ndiyo mwisho kwa wizi wa kawaida inakuwa kifo katika dakika kumi, na wenye kuua wanarudi nyumbani kula chakula cha jioni wakifikiri wametenda haki. Hapana, ndugu. Wameondoa uhai wa mtu kwa ajili ya kitu chenye magurudumu, na kitu chenyewe pengine kilikuwa kimesimama palepale, kizima.

Angalieni sura ile ile ya Kutoka. Mtu akiiba ng'ombe na kumchinja au kumwuza, analipa ng'ombe 5 kwa mmoja. Lakini mnyama akikutwa hai mkononi mwake, analipa 2. Kwa nini tofauti hiyo? Kwa sababu mali iliyo hai bado inaweza kurudi, na mlango wa kurudi haujafungwa kabisa. Tukiwatendea wote sawa, tunamfundisha yule aliyechukua kwamba kurudisha hakuna faida. Atasema moyoni: wakiniona watanichoma, afadhali niuze. Hivyo hasira yetu inazaa wizi wenyewe tunaoukasirikia.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni la dharura. Tuseme ni usiku kijijini, mama ana uchungu wa kuzaa na damu inatoka. Hospitali iko Masisi. Pikipiki moja tu ipo, na mwenyewe amesafiri. Kijana anaichukua na kumpeleka mama yule. Je, tumwite mwizi? Sisi tunasema hapana. Hata sheria ya Waingereza tuliyoitaja inamwachilia mtu aliyeamini kwa kweli kwamba mwenyewe angekubali kama angejua hali ilivyokuwa. Uhai wa mtu hauwezi kusubiri saini.

Lakini vijana, sikilizeni mpaka mwisho. Dharura inafungua mlango, haifuti deni. Kijana huyo anapaswa kuwaambia watu wa nyumba hiyo kabla ya kuondoka, au kumwita jirani awe shahidi. Akirudi, aende kwa mwenye mali kabla habari haijamfikia kwa midomo mingine. Ajaze mafuta, atengeneze kilichovunjika. Ndugu za mama yule nao wamsaidie kulipa, maana faida ilikuwa yao. Na tusidanganyane: kwenda kuwahi soko la Mubi si dharura. Kutaka kuonekana na pikipiki kwenye arusi si dharura. Neno hilo ni la mgonjwa, tusilinyang'anye kwa ajili ya haja zetu.

Hapa tunafika kwa watu wa silaha. Tukiwahukumu vijana wa barabarani peke yao, tutakuwa tumeshika mkia na kuacha kichwa. Tangu vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, vilima vyetu vimeona majeshi na makundi ya majina mengi. Karibu kila kundi lilipopita, lilichukua. Lilichukua ng'ombe, lilichukua magari na pikipiki, lilichukua hata migongo ya watu ya kubebea mizigo. Na mara nyingi walikuwa na maneno: ni kazi ya taifa, ni ulinzi wenu, tutarudisha. Wengine hata wakasema kwamba Bwana Yesu naye alituma watu wamchukue mwanapunda wa mtu.

Basi tusome habari hiyo vizuri katika Marko sura ya 11. Wanafunzi walikwenda mchana, mbele za watu. Waliosimama pale wakawauliza wanafanya nini kumfungua mwanapunda. Hawakutishwa kwa kuuliza, walipewa jibu. Walielezwa ni nani anayemhitaji, tena kwamba atarudishwa upesi. Kisha wakaruhusu. Kuna haja iliyosemwa, kuna jina, kuna ahadi ya kurudisha, kuna ruhusa. Ondoeni mambo hayo 4, mweke bunduki mahali pake. Je, bado ni habari ile ile?

Tunakubali kwamba serikali inaweza kuhitaji chombo cha raia wakati wa hatari. Lakini amri ya haki ina jina la aliyeitoa, ina karatasi, ina muda, ina malipo. Na sheria ya Kongo haimwonei haya mkubwa. Mtumishi wa serikali akiiba kwa kutumia kazi yake, au mtu akidanganya kwamba ana amri ya wakubwa, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Wizi wa nguvu au vitisho ni miaka 5 hadi 20. Wizi wa silaha umewekewa adhabu ya kifo. Hatuandiki ili kuomba damu ya mtu. Tunaonyesha tu kwamba, kwenye karatasi, kosa linazidi uzito kadiri mchukuaji anavyozidi nguvu. Huku barabarani mambo yamegeuzwa: kijana asiye na kitu anachomwa, na mwenye bunduki anapewa njia. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande mmoja tu umeharibika.

Nabii Samweli alipozeeka alisimama mbele ya taifa zima, akawauliza kama kuna mtu ambaye yeye alimchukulia ng'ombe au punda, naye akawa tayari kurudisha. Yeye alikuwa mwamuzi, mwenye mamlaka yote, lakini aliona kwamba punda wa mtu mmoja ni neno la kutosha kumhukumu kiongozi. Tungependa kila shefu, kila komanda, na kila mtumishi wa kanisa awe tayari kusimama hivyo kwenye barza na kuuliza swali hilo.

Wengine watasema: tuwaachie mahakama. Vema, na ni afadhali mara elfu kuliko petroli. Lakini tujue mipaka yake. Tangu 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipoanza Kivu ya Kaskazini, mahakama za kijeshi zilipewa kesi za jinai za raia pia, na wengi walisubiri gerezani muda mrefu kabla ya kusikilizwa. Ikaja 27 Januari 2025, vita vilipoingia Goma: milango ya gereza la Munzenze ikavunjwa, maelfu ya wafungwa wakatoka, na wanawake wengi wakafia ndani kwa moto. Machi mwaka huo vita vikafika hadi Walikale-Centre. Katika hao waliotoka, aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya pikipiki ya mtu, je, deni lake liliisha mlango ulipovunjika?

Sisi tunajibu: haliishi. Kifungo ni deni kwa nchi, na milango inaweza kulifuta. Pikipiki ni deni kwa jirani, nalo linamfuata mtu hata akivuka Ziwa Kivu. Kwa upande mwingine, mtu anaweza kumaliza miaka yake yote gerezani, na yule mjane aliyeibiwa bado anatembea kwa miguu. Ndiyo maana aliyeumizwa ana haki ya kudai malipo ya hasara yake mbele ya tribunali, pamoja na adhabu, asiogope kudai. Na pikipiki yenyewe isiachwe kuoza kwa kutu uani kwa polisi kwa miezi mingi kama kielelezo, huku mwenyewe akizidi kufukarika.

Basi tufanye nini? Wenye pikipiki, andikeni mapatano na vijana wenu, hata kwa karatasi moja ya daftari, mbele ya shahidi: njia gani, siku gani, nani analipa matengenezo. Kesi nyingi zinazaliwa na mapatano ya mdomo. Wewe uliyechukua bila ruhusa, usirudishe kwa siri usiku kama paka. Nenda mchana, sema kwa mdomo wako, lipa siku uliyoipoteza na kilichovunjika. Wazee wa barza, pokeeni mtu anayekuja mwenyewe, mpimieni malipo yanayolingana na hasara, wala msimtoze mpaka auze shamba. Na sisi sote, tukisikia kelele ya "mwizi", tukimbilie kumwokoa aliyekamatwa na kumfikisha penye sheria, ili aulizwe maswali yanayostahili: ulichukua nini, kwa haja gani, ulikusudia nini, na umerudisha kiasi gani?

Maswali hayo 4 yaulizwe kwa kijana wa chukudu na kwa mwenye cheo kwa sauti moja. Siku tutakapoweza kufanya hivyo katika Masisi na Walikale, mtu ataweza kuacha pikipiki yake mlangoni na kulala. Bwana atujalie kuiona siku hiyo. Amina.